Barbera ya Asti: Namna ya Kuinunua, Kuipoza na Kuiandalia Chakula

Mtu aliyezoea kukamulia ndimu juu ya nyama ya kuchoma, au kuweka bakuli la kachumbari kando ya sinia la pilau, amekwisha kuijua nusu ya ilimu ya divai ya Barbera, ijapokuwa hajapata kuiona chupa yake. Maana divai hiyo nyekundu, itokayo katika vilima vya Asti na Monferrato, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kazi yake mezani ni ile ile ya ndimu: kuyakata mafuta, kuusafisha ulimi, na kumrejeshea mlaji hamu ya tonge linalofuata.

Maelezo haya yamemkusudia mtu mzima ambaye dini yake na afya yake vinamruhusu. Ama yule ambaye kileo kwake ni haramu, simshawishi hata kidogo. Akipenda na asome kwa ajili ya maarifa ya mapishi, akipenda na aufunue ukurasa mwingine, wala hatutakosana. Nami nimechagua neno divai badala ya mvinyo, kwa kuwa hilo la pili, vinywani mwa wazee wetu, lilichukua pia vileo vikali visivyo na asili ya zabibu.

Kwanza ujue uchachu wake umetoka wapi

Mwenye kuonja divai nyekundu huiuliza maswali matatu: ina uchachu gani, ina ukakasi gani, na kileo chake ni kiasi gani. Uchachu ndio unaotoa mate mdomoni, kama ufanyavyo ukwaju au embe bichi. Ukakasi, ambao hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, huukausha mdomo na kuuacha ulimi mkavu, kama anavyokumbuka kila mtoto wa pwani aliyewahi kuuma bibo kabla halijaiva. Nebbiolo, zabibu iliyo jirani ya Barbera na ambayo ndiyo inayotoa divai ya Barolo, ina mambo hayo mawili kwa wingi, na kwa sababu hiyo divai yake hutaka kungojewa miaka. Barbera imekwenda njia yake mwenyewe: rangi yake ni nzito kama zambarau iliyoiva, hata mtu akiitazama katika bilauri hudhani mdomo utamkauka, kumbe ukakasi wake ni haba na uchachu wake ni mwingi, kwa sababu zabibu hiyo, ijapoachwa mtini mpaka sukari yake ikakamilika, haipotezi asidi yake upesi kama zipotezavyo nyingine.

Sasa yatazame maakuli ya nchi inakotoka. Piemonte iko chini ya milima ya Alps, na majira yake ya baridi ni marefu; watu wake hupika kwa siagi, huchemsha nyama zenye mafuta kwa saa nyingi, hukanda tambi kwa viini vya mayai, na hula jibini kabla ya matunda. Mlo wa namna hiyo, pasipo kitu cha kuukata, humchosha mlaji katika sahani ya pili. Kwa hiyo uchachu huo, ambao mgeni akiionja divai peke yake huuhesabu kuwa kasoro, kwa wenyeji ni sifa, na sharti la kwanza la mwongozo huu ni hili: usiihukumu Barbera mpaka uionje pamoja na chakula.

Kwa nini dukani utakuta Barbera za namna mbili

Kwa karne nyingi hii ilikuwa divai ya mkulima. Mizabibu yake imetajwa katika hati za karne ya 13 za kanisa kuu la Casale Monferrato, lakini kutajwa zamani hakukuiletea taadhima. Katika vilima vya jirani, vya Alba, mkulima mwenye mteremko mwema unaoelekea kusini aliupa Nebbiolo, na Barbera akaipanda pale palipobaki. Wakati huo huo wenyeji waliipenda kama jamaa wa nyumbani, hata wakaitaja kwa jinsia ya kike, *la barbera*, jambo ambalo lugha yetu, kwa kutojua ubaguzi huo, haiwezi kulifasiri.

Mabadiliko yalianzia katika kijiji cha Rocchetta Tanaro, ambako mtengenezaji divai Giacomo Bologna aliyatwaa mavuno ya mwaka 1982, akaitia divai yake katika mapipa madogo ya mwaloni ya lita 225, kwa desturi ya Kifaransa, akaiita Bricco dell'Uccellone. Mwaloni uliipa Barbera kile ilichokuwa imekikosa, yaani ukakasi kidogo na harufu ya viungo, na wanunuzi ambao zamani wasingeigusa wakaanza kuilipia bei ya divai kubwa. Kisha, mwaka 1986, ukaja msiba: wachuuzi waovu wa divai rahisi walichanganya pombe ya methili, ambayo ni sumu, ili kuongeza nguvu ya kileo kwa gharama ndogo, watu zaidi ya 20 wakafa, wengine wakapofuka, na kwa kuwa baadhi ya chupa hizo zilibeba jina la Barbera, jina lenyewe likachafuka duniani. Wakulima waaminifu walitumia miaka mingi kulisafisha, kwa kuvuna zabibu chache zilizo bora na kwa kutaka sheria kali zaidi. Barbera d'Asti, iliyokuwa na daraja ya kisheria iitwayo DOC tangu 1970, ilipandishwa daraja ya juu zaidi, DOCG, mwaka 2008, na vilima vinavyouzunguka mji wa Nizza Monferrato vikapewa daraja yao wenyewe mwaka 2014.

Nimeyasimulia haya kwa sababu yanamhusu mnunuzi. Rafu moja ya dukani leo hubeba Barbera changa, iliyokaa katika matangi ya chuma au mapipa makubwa ya zamani, yenye ladha ya cheri na uchachu ulio wazi. Na kando yake Barbera ya pipa dogo, nzito, yenye harufu ya vanila na karafuu. Mwenye kununua ya pili akatarajia ya kwanza hulaumu duka bure.

Kuisoma lebo, hatua kwa hatua

1. Tafuta jina la zabibu pamoja na jina la mahali: *Barbera d'Asti*. Sheria inataka zabibu za Barbera zisipungue asilimia 90.
2. Tazama kama kuna neno *Superiore*. Likiwapo, divai imekaa si chini ya miezi 14 kabla ya kuuzwa, na miezi sita katika hiyo imekaa ndani ya mbao.
3. Ukiona *Nizza* peke yake, hiyo ni Barbera tupu, asilimia 100, iliyongojewa miezi 18. Na ikiandikwa *Riserva*, miezi 30. Hapa Barbera hupewa miteremko iliyo bora, isiyogawana na mzabibu mwingine, na hili ndilo linaloitofautisha Nizza kuliko hesabu ya miezi.
4. Soma mwaka wa mavuno. Ile ya kawaida inunue ikiwa na mwaka mmoja hadi minne. Nizza iliyotengenezwa vyema haina haraka, na huweza kufika miaka kumi.
5. Soma asilimia ya kileo. Kati ya 13 na 14 na nusu ndiyo desturi. Miaka ya jua kali huzidi. Kileo kikikaribia 15, mpe mgeni wako bilauri ndogo.
6. Angalia shingo ya chupa: kila chupa ya DOCG hufungwa utepe wa serikali wenye nambari. Usipouona utepe, irudishe rafuni.

> MAJINA YANAYOPOTOSHA
>
> *Barbaresco* si Barbera. Ni jina la kijiji, na divai yake ni ya Nebbiolo, yenye ukakasi mwingi.
>
> *Asti* au *Moscato d'Asti* ni divai nyeupe, tamu, yenye mapovu. Nimemwona bwana harusi mtarajiwa akiwapelekea wakwe chupa yake pamoja na mguu wa mbuzi, akidhani amenunua nyekundu. Alinusurika kwa kuwa wakwe wenyewe walipenda tamu.
>
> *Barbera d'Alba* ni ndugu halisi, zabibu ile ile iliyopandwa upande wa pili. Maelezo ya joto na ya chakula yanaifaa pia, ila sheria za lebo yake ni nyingine.
>
> *Barbera del Monferrato* wakati mwingine huwa na mapovu machache. Huo ni mtindo wake, chupa haijaharibika.
>
> *Nizza* hapa ni Nizza Monferrato, wala si mji wa Nice ulioko Ufaransa, ambao Waitaliano nao huuita Nizza.

Joto: kosa linaloiharibu zaidi huku kwetu

Vitabu vya Ulaya humwambia msomaji kwamba divai nyekundu inyweke kwa joto la chumba, na maneno hayo ni ya kweli kwa chumba walichokikusudia, yaani chumba cha nyumba ya mawe ya kale, katika nchi ya baridi, kabla ya mitambo ya kupasha joto. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari ni jambo jingine. Niliwahi kuletewa Barbera katika hoteli moja ya mwambao, imetoka moja kwa moja katika kabati lililo juu ya jiko. Kileo kilipanda puani kama dawa ya kusafishia vidonda, uchachu ukawa umelegea, na jamaa niliokuwa nao wakaapa kwamba hawatainunua tena, hali kosa halikuwa la divai. Joto hukitia nguvu kileo na kuuficha uchachu. Baridi ya kadiri huurejesha. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Itie chupa katika jokofu, sehemu ya kawaida, kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Unakusudia nyuzi 14 hadi 16 za sentigredi kwa Barbera changa, na 16 hadi 18 kwa Superiore na Nizza. Huna kipimajoto? Ishike chupa: iwe baridi kama mtungi wa maji uliokaa kivulini.
2. Kama umechelewa, itumbukize katika ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika 15 hadi 20. Barafu tupu pasipo maji huchelewa. Usiitie katika friza, maana ukiisahau chupa hupasuka.
3. Ondoa kifuniko cha juu, zungusha kizibuo katikati ya kizibo, uvute polepole. Kizibo kikikatika, chuja kwa kitambaa safi wala usione haya.
4. Mimina kidogo, unuse. Harufu ya gunia lililoloa maana yake kizibo kimeiharibu divai; harufu ya siki ya wazi maana yake hewa imeingia. Katika hali zote mbili una haki ya kuirudisha.
5. Barbera changa haihitaji kungojewa. Nizza, ifungue nusu saa kabla ya kula, au uimimine katika jagi pana.
6. Jaza theluthi ya bilauri, si zaidi, ili nyingine ibaki chupani, isipate joto mbele ya mgeni.

Chakula kinachoifaa

Kanuni ya kuanzia ni nyepesi: pale ambapo ungeleta ndimu, siki au achari, hapo Barbera ina nafasi.

Mlo unaoandamana nayo kuliko wote kwao ni *bagna càuda*, ambao jina lake katika lahaja ya Piemonte maana yake ni mchovyo wa moto, nao huliwa majira ya mapukutiko ya majani, baada ya mavuno, watu wakiwa wamekizunguka chombo kimoja. Ajabu yake ni kwamba viungo viwili kati ya vitatu havikutoka mkoani: mafuta ya zeituni na dagaa wa chumvi vilivuka milima kutoka pwani ya Liguria, migongoni mwa wachuuzi na wanyama wao. Mchovyo huo ni mafuta, chumvi na kitunguu saumu kwa wingi usiosameheka, na divai yenye ukakasi ikikutana na dagaa hao hugeuka chungu, ladha ikafanana na chuma. Barbera changa, kwa uchache wa ukakasi wake, hupita salama.

Ukitaka kuipika kwa watu wanne:

1. Menya vichwa vinne vya kitunguu saumu, yaani kimoja kwa kila mlaji, kama ilivyo desturi yao. Toa kiini cha kijani katika kila punje, kwa kuwa ndicho kinachokereketa.
2. Kata punje nyembamba, uzitie katika chungu pamoja na bilauri mbili ndogo za mafuta ya zeituni, juu ya moto mdogo kabisa.
3. Pika polepole, kama nusu saa, mpaka kitunguu kilainike na kupondeka kwa kijiko. Kikigeuka rangi ya dhahabu umekikosa, anza upya.
4. Osha gramu 200 za dagaa wa chumvi wa Kiitaliano, toa miiba, uwatie chunguni. Koroga mpaka wayeyuke.
5. Weka chungu mezani juu ya moto wa mshumaa. Chovya pilipili hoho, kabichi, viazi vya kuchemsha na mkate. Kwao huchovya hasa *cardo gobbo* wa Nizza, mboga ya miiba ambayo wakulima huiinamisha na kuifukia udongoni ili bua lake lipinde na kuwa jeupe na laini.

Baada yake huja *agnolotti*, vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama iliyobaki, vikatiwa mchuzi wa hiyo hiyo nyama. Kisha *bollito misto*, nyama za aina mbalimbali zilizochemshwa, zikaliwa kwa mchuzi wa kijani wa kotimiri na dagaa. Nyama mbichi ya ndama iliyokatwakatwa, *carne cruda*, wenyeji huila kwa mafuta ya zeituni, na wengine hukamulia limau. Mimi sikuithubutu, nami sitamhimiza mtu aliye mbali na bucha anayemwamini. Katika jibini, Robiola di Roccaverano ya maziwa ya mbuzi inataka Barbera changa, na Toma iliyokomaa inaikubali Superiore. Nizza iwekee *brasato*, pande la ng'ombe lililopikwa kwa divai hata likakatika kwa uma.

Nyanya nazo zina uchachu wao, na divai dhaifu ikikutana nazo huonekana kama maji. Barbera haidhuriki, ndiyo maana naipendelea kwa tambi za nyama ya kusaga na kwa piza kuliko divai nyingi za bei kubwa. Huku kwetu nimeiona ikipatana vizuri na mbuzi wa kuchoma, na mishikaki isiyozidishwa pilipili, na pilau ya ng'ombe iliyopikwa kwa samli. Samaki wa kupaka hakubaliani nayo: tui lina utamu wake, na divai inayoukata utamu huo huufanya uonekane kasoro. Samaki mweupe wa kuchemsha hufunikwa kabisa. Pilipili kali huwashwa zaidi na kileo. Na vitu vitamu, haluwa kwa mfano, huigeuza Barbera kuwa siki. Wapiemonte wenyewe wakifika hapo hubadilisha chupa, wakafungua Moscato d'Asti au Brachetto d'Acqui.

> TAHADHARI
>
> Chupa moja ya mililita 750 ni bilauri tano za kadiri, na haikuwekewa mtu mmoja.
>
> Mwenye kuendesha gari, mja mzito, anayenyonyesha pasipo ushauri wa daktari, mwenye ugonjwa wa ini, na anayetumia dawa ambazo cheti chake kinakataza kileo: waandalie juisi ya ukwaju au ya komamanga. Uchachu wake huyafanyia mafuta kazi ile ile, na hakuna atakayeona ametengwa.

Kabla wageni hawajabisha hodi

☐ Jina la zabibu na la mahali yameonekana kwenye lebo, na utepe upo shingoni.
☐ Chupa imeingia jokofuni saa moja kabla.
☐ Chakula kina mafuta, nyama, jibini au nyanya.
☐ Kizibuo kimepatikana. (Usicheke, hiki ndicho kisahauliwacho kuliko vyote.)
☐ Maji yapo mezani, na kinywaji cha wasiokunywa kiko katika bilauri nzuri kama za wengine.

Divai ikibaki, irudishie kizibo, uisimamishe jokofuni. Uchachu wake huilinda, na siku tatu hazitaidhuru. Ikifika siku ya nne, usiimwage wala usimpe mgeni: itie katika sufuria ya nyama ya ng'ombe pamoja na kitunguu maji, karoti na jani la mdalasini, ufunike, uache moto mdogo saa tatu.